Stima ya Ploti: Nani Analipa, Nani Anaokoa?

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za programu, niseme kidogo kuhusu stima. Msiondoke, kwa sababu mwisho wa yote hili nalo ni suala la programu, tena programu iliyoandikwa bila kumfikiria mtumiaji.

Nchi yetu haina upungufu wa sera kuhusu matumizi bora ya kawi nyumbani. Tuna Sheria ya Kawi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006 na kuizaa EPRA kutoka kwa tume iliyokuwapo. Tuna Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi Bora na Uhifadhi wa Kawi wa 2020, ambao unataja nyumba za kuishi kama moja ya sekta zake. Tumekuwa na kanuni za sola, kanuni za lebo za friji na kanuni mpya za ujenzi. Swali langu ni moja tu: zikifika Kayole, Umoja, Huruma, Dandora au Pipeline, zinafanya kazi?

Kwa kazi yangu ya kuandika programu, kuna kipimo kimoja ambacho huwa nakitumia. Mtu akibonyeza kitufe, lazima yeye mwenyewe aone matokeo. Akibonyeza yeye na matokeo yakatokea kwenye skrini ya jirani, ataacha kubonyeza. Sera ya kuokoa kawi ni vivyo hivyo. Tuulize: ni nani anatoa pesa za kununua kifaa, na ni nani anayeona bili ikishuka? Akiwa ni mtu mmoja, sera itatembea. Wakiwa wawili tofauti, sera italala kwenye rafu.

Sasa kumbukeni kwamba Nairobi ni mji wa wapangaji. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu kaya tisa kati ya kila kumi hapa hukaa nyumba za kupanga. Eastlands ndiyo kabisa. Kuna estate kongwe za baraza la jiji kama Kaloleni, ya miaka ya 1940. Kuna Buruburu, iliyoanza 1973 na kuuzwa kwa watu wenye mikopo ya nyumba. Kuna Dandora, mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, ambapo mtu alipewa kiwanja chenye maji na choo akajijengea. Na siku hizi kuna maghorofa ya Pipeline na Huruma, chumba kwa chumba, ghorofa juu ya ghorofa. Sera moja haiwezi kuingia kote huko kwa mlango mmoja.

Tupitie sera moja moja.

1. Balbu za 2010

Mwaka 2009 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa ya Mto Tana, na nchi ikaingia mgao wa stima. Mwaka uliofuata serikali kupitia Kenya Power iligawa takriban balbu milioni 1.25 za kuokoa kawi, bure. Unaleta balbu yako ya zamani ya waya, unapewa mpya. Lengo lilikuwa kupunguza mzigo wa jioni, saa ambazo kila mtu yuko nyumbani.

Hesabu ni rahisi. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya wati 11 inakula uniti 1.65. Leo tuna LED za wati 9, ambazo kwa saa zilezile zinakula uniti 1.35. Hii sera naipa alama za juu. Balbu haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Mpangaji anaifungua, anaiweka, na akihama anaondoka nayo mfukoni. Mwenye mita yake aliona tofauti mwezi uleule.

2. Jiko la Shauri Moyo

Hili wengi hatuliiti sera, lakini ndilo fundisho kubwa kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa jua kali walitengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, wakichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa Shauri Moyo walilifua kwa nyundo, wakaliuza, wakaigana, wakashindana bei. Jiko hilo huokoa takriban theluthi moja ya makaa, wakati mwingine zaidi, ukilinganisha na jiko la bati tupu. Leo liko karibu kila soko la Afrika Mashariki.

Halikuhitaji askari wa kulisimamia. Mama anayenunua makaa kwa mkebe huona akiba jioni ileile, kwa sababu mkebe uliokuwa ukiisha usiku sasa unafika asubuhi. Mnunuzi wa jiko na mnunuzi wa makaa ni mtu mmoja. Kipimo changu kimepita.

3. Sola ya maji moto, 2012

Hapa ndipo mambo yalianza kwenda kombo. Kanuni za 2012 zilisema jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya maji hayo kwa sola. Majengo yaliyokuwapo yalipewa miaka mitano.

Wazo lenyewe ni zuri sana. Shawa ya stima ya wati 5,000 ikiwashwa dakika 12 inameza uniti nzima. Jua la Nairobi ni la bure. Lakini tembea kutoka Donholm hadi Fedha, inua macho, uhesabu paa zenye mitambo hiyo. Utaona matangi meusi ya maji mengi kuliko sola.

Sababu haihitaji utafiti. Aliyetakiwa kununua mtambo ni mwenye jengo. Anayelipa stima ya shawa ni mpangaji. Mwenye jengo akinunua, bili inayoshuka si yake. Mpangaji naye hawezi kupanda juu ya paa la mtu na kufunga mtambo ambao atauacha akihama. Na kule chini kabisa, kwenye chumba kimoja Kayole, watu huoga kwa karai la maji yaliyochemshwa kwenye meko, kwa hiyo kanuni haikuwahusu hata kidogo.

4. Lebo za nyota, 2016

Kanuni za 2016 zilileta lebo za nyota kwa friji, mashine za kupoza hewa, mota na baadhi ya taa. Nyota nyingi, matumizi kidogo. Kifaa kisichofikia kiwango cha chini hakifai kuuzwa.

Hii nayo naiunga mkono. Mnunuzi anapata habari ambayo hakuwa nayo. Lakini lebo inamsaidia anayenunua friji mpya dukani na ambaye mita ni yake. Kwenye ploti nyingi friji hununuliwa mkononi, kwa jirani anayehama au kwa fundi wa mtaani, na fundi huyo hana lebo ya kukuonyesha. Tena, kama stima unalipa kwa bei moja ya mwezi, nyota tano au nyota moja zina tofauti gani kwako?

Na hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mita moja, vyumba kumi na viwili

Nimeona ploti za namna hii Kayole na Dandora, na bila shaka wewe pia umeziona au umekaa humo. Vyumba 12, mita moja ya Kenya Power, na waya zinazoingia kila chumba. Malipo hufanywa kwa njia tatu: stima imejumuishwa kwenye kodi, au bili inagawanywa sawa, au mwenye ploti ameweka mita ndogo zake na kuuza tokeni kwa bei anayopanga yeye.

Sasa tazama bei. Kuanzia Aprili 2023 wateja wa nyumbani waligawanywa ngazi tatu kulingana na wastani wa matumizi yao ya mwezi: hadi uniti 30, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Bei ya msingi iliyotangazwa wakati huo, kabla ya kodi na nyongeza nyingine, ilikuwa shilingi 12.22 kwa uniti ngazi ya chini na shilingi 20.97 ngazi ya juu. Ngazi ya chini iliwekwa kwa ajili ya wanyonge. Nia njema kabisa.

Niliandika programu fupi ya mistari kama ishirini kuona nini kinatokea kwenye ploti. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 20: taa, simu, redio, televisheni ndogo. Kila kaya ni ya ngazi ya chini, na ingekuwa na mita yake ingelipa 20 × 12.22, yaani shilingi 244.40. Lakini mita inaona uniti 240, si 20. Mita haijui kwamba nyuma yake kuna familia 12. Inaona mteja mmoja tajiri. Kila uniti inapigwa 20.97, na kila kaya inalipa shilingi 419.40. Tofauti ni shilingi 175 kwa mwezi, shilingi 2,100 kwa mwaka, kabla ya kodi.

Yaani maskini wa ploti analipa bei ya mwenye nyumba ya vyumba vitano na bustani. Bei ya wanyonge inamruka aliye mnyonge kabisa kwa sababu ya mahali waya wake ulipounganishwa.

Halafu tuingize sera ya kuokoa. Tuseme mimi mpangaji nimesikia tangazo, nimenunua LED, nimezima kila kitu, nimeshuka kutoka uniti 20 hadi 10. Nimeokoa uniti 10, yaani shilingi 209.70. Lakini bili inagawanywa sawa kwa 12. Mfukoni mwangu inarudi shilingi 17 na senti 50 hivi. Zile nyingine wanagawana majirani, ambao mmoja wao anapiga pasi nguo za biashara usiku kucha. Kama stima imejumuishwa kwenye kodi, narudishiwa sufuri.

Hicho ndicho kitufe nilichosema. Nabonyeza mimi, matokeo yanatokea kwa jirani.

Sheria halisi ya ploti

Kwa hiyo mwenye ploti anafanya nini? Anajitungia sera yake. Hakuna koili. Hakuna pasi. Hakuna hita ya maji. Msimamizi anapita akisikiliza na kunusa. Kuna ploti stima inazimwa asubuhi na kurudishwa jioni. Hii ndiyo sera ya kawi inayofuatwa kikamilifu zaidi Eastlands, na haijaandikwa kwenye gazeti lolote la serikali.

Simlaumu sana. Bili inakuja kwa jina lake, na waya za jengo mara nyingi ni nyembamba, koili sita zikiwashwa pamoja zinaweza kuchoma nyumba. Lakini tazama matokeo. Siku hizi kuna sufuria za presha za stima, ambazo Kenya Power yenyewe imekuwa ikizitangaza kwa kampeni ya Pika na Power. Sufuria kama hiyo ya wati 1,000 imefunikwa vizuri, ikifika presha inajizima, inawaka tena kidogo tu. Koili ya wati hizohizo ikichemsha maharagwe kwa saa mbili na nusu inakula uniti 2.5. Sufuria ya presha hupika maharagwe yaleyale kwa sehemu ndogo ya uniti hizo. Lakini kwa msimamizi wa ploti vyote viwili ni "koili", vimekatazwa.

Basi mpangaji anarudi kwa makaa au mafuta taa, ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo. Moshi na gesi ya sumu anavuta yeye na watoto. Na huko nako sera haitulii. Gesi ya kupikia iliondolewa VAT 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Mafuta taa yalipigwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita 2018 ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, na mzigo ukamwangukia anayepikia stovu. Mimi nikibadilisha programu ya wateja namna hiyo kila toleo, watanihama wote. Mtu anayeweka akiba ya kununua mtungi hawezi kupanga maisha kwa bei inayocheza hivi.

Wenzetu walifanyaje?

Shida ya mwenye nyumba na mpangaji haikuanzia Eastlands. Uingereza, tangu Aprili 2018, nyumba ambayo cheti chake cha matumizi ya kawi kiko chini ya daraja E hairuhusiwi kupangishwa kwa mpangaji mpya, isipokuwa ikiwa na msamaha maalumu. Wao walikuwa wanapigana na baridi, sisi si hivyo. Lakini walielewa jambo moja: kama mpangaji hawezi kugusa ukuta, basi sheria imguse mwenye ukuta, na imguse wakati anapotafuta mpangaji.

Hapa kwetu ukuta nao una neno. Kanuni za ujenzi za 1968 zilidumu zaidi ya miaka 50 mpaka zikaja za 2024. Hata zile za zamani zilidai dirisha, mwanga na nafasi kati ya majengo. Pipeline ilijengwa zikiwapo. Kuna vyumba kule ambavyo saa sita mchana huwezi kusoma bila taa. LED ya wati 9 ikiwashwa saa 12 za mchana kila siku inaongeza uniti 3.24 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini kwa kaya ya uniti 20 ni kama sehemu moja ya sita, inayolipwa kwa sababu mtu alijenga ukuta mbele ya dirisha na hakuna aliyekagua.

Msiniambie haiwezekani

Najua jibu la maofisa: kufikia kila mita ni kazi kubwa. Wacha niwakumbushe Novemba 2024. Tokeni ya tarakimu 20 ina ndani yake namba inayohesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Namba hiyo imepewa biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024, na mita yoyote isiyosasishwa ingekataa tokeni mpya. Dunia nzima yenye mita za aina hii ilikuwa na kazi hiyo. Hapa Kenya wateja walitumiwa nambari za ziada, wakazibonyeza kwenye mita zao, wakaendelea na maisha. Mamilioni ya watu walifanya sasisho la mfumo kwa vidole vyao wenyewe, wengi wakiwa hawajawahi kusikia neno biti.

Kwa hiyo uwezo upo. Haya ndiyo ningependa yafanywe:

Kwanza, ngazi ya bei ihesabiwe kwa kaya, si kwa mita. Mwenye ploti aandikishe idadi ya kaya zilizo nyuma ya mita, na mfumo ugawanye uniti kwa idadi hiyo kabla ya kuchagua bei. Kwenye programu hiyo ni alama moja ya kugawanya. Kazi iko kwenye ukaguzi, kwa sababu wapo watakaodanganya idadi.

Pili, bei ya uniti ibandikwe mlangoni mwa ploti, na anayeuza kwa mita ndogo asizidishe bei aliyonunulia isipokuwa ada ndogo inayojulikana. Bila hili, nafuu ya kwanza itaishia mfukoni mwa mwenye ploti.

Tatu, jengo jipya la kupangisha lisipewe kibali cha watu kuingia bila mita ya kila kaya, waya zinazobeba sufuria ya presha, na dirisha linaloingiza mwanga. Serikali ianze na zake. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa Mukuru zilikabidhiwa, na mingine inajengwa Eastlands kwa pesa za ushuru wa nyumba tunaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara. Sisi ndio wenye nyumba hizo. Tuulize mita ziko wapi na maji moto yanatoka wapi.

Nne, kila sera ipimwe kwa data ya mita, kabla na baada, na matokeo yachapishwe bila majina ya watu ili tuyasome.

Kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza, kodi ya nyumba itapanda. Huenda ikapanda kiasi, hasa kwa majengo mapya, lakini mpangaji mwenye mita yake angalau anajua ni shilingi ngapi za chumba na ngapi za stima, na zile za stima anaweza kuzipunguza mwenyewe. Ya pili, ukiwapa watu wengi bei ya chini, pengo lazima lizibwe na wateja wengine au na hazina. Ni kweli, na EPRA inapaswa kupiga hesabu hiyo hadharani. Lakini pengo hilo sasa hivi linazibwa na mtu wa chumba kimoja Kayole, na hakuna aliyemuuliza.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walioandika sera hizi wana mita zao, na kwao zinafanya kazi. Wewe unayesoma hapa, jaribu hili mwisho wa mwezi: uliza uniti za ploti nzima, gawanya kwa idadi ya vyumba, kisha linganisha na unacholipa. Niandikie umepata ngapi, nikusanye hesabu hizo tuziangalie pamoja.

Tuonane wiki ijayo.